Wajerumani Wanne Kwenye Mahari ya Arlette

Chekeni tu, msijizuie, maana hata mimi siku hizi nacheka, ingawa nacheka nikiwa nimeinama nikijifanya nafunga kamba za viatu. Mimi ndiye yule mwoaji wa Shituru aliyemkana mchumba wake mbele ya koo mbili, mchana kweupe, kwa sauti ya mwalimu aliye darasani. Ukipita mjini kwetu Likasi ukasikia watu wakimcheka "Prof wa Wajerumani", usiulize ni nani, umekwisha kumjua. Kisa chenyewe wamekitia chumvi (wapo wanaosema nilikuja na ubao wangu, uongo mtupu, nilikuwa na kipande cha chaki tu, nacho kilibaki mfukoni kwa bahati mbaya), lakini kiini chake ni kweli, na aibu yake naijua mimi niliyeivaa.

Nafundisha falsafa darasa la mwisho la sekondari. Halafu nina ugonjwa mmoja tangu utotoni: naota macho wazi. Wazo likinijia, kichwa changu kinalala polepole juu ya bega la kushoto, kana kwamba kuna mtu ananinong'oneza, na hapo hata nyumba ikiungua nitawauliza mbona leo kuna mwanga. Marehemu mama yangu alikuwa akikisukuma kile kichwa kwa kidole kikae wima, kinakaa dakika moja, kinarudi begani. Basi akaniacha, akasema Mungu atamleta mwanamke mwenye subira.

Mungu akamleta Arlette. Ni mshonaji, ana cherehani yake sokoni, nami nilimpelekea suruali ipunguzwe nikasahau kuifuata, nikaenda kuiulizia nikasahau kuichukua, mpaka akanitazama akasema, "Prof, weye unakuyaka juu ya suruali ao juu ya mwenye kushona?" Nikacheka, maana kweli sikujua nafuata suruali au mshonaji, na kicheko kile hakijaisha. Siku za mapumziko tulikuwa tunakwenda ziwani Tshangalele kula samaki, tunakaa pale ambapo miti iliyokufa imesimama majini, na mimi naanza Wajerumani wangu, wale wanafalsafa wanne ninaowafundisha. Namwambia, kuna mmoja wao, wa tatu, alisema maumbile yote ni akili iliyolala: jiwe limelala fofofo, mti unajigeuza kitandani, mnyama anaota, na sisi watu ndipo hiyo akili inafumbua macho na kujiona. Hata hili ziwa linaota, nikamwambia. Arlette akaangalia maji kwa muda mrefu, akasema, "Alafu acha kupiga kelele, utaliamusha." Niliapa siku ile kwamba nitamwoa huyu hata mbingu zishuke.

Ikafika siku ya mahari. Ilikuwa Oktoba, mnaijua Oktoba yetu, mvua inaahidi na haitimizi, bati zinalia kwa joto. Shibukombe wangu, yaani msemaji wa upande wa mwoaji, alikuwa Tonton Mwilambwe, mdogo wa baba yangu, mtu aliyekwisha kuozesha nusu ya ukoo na hajawahi kurudishwa mlangoni. Njiani akanishika mkono akaniambia, "Sikiya muzuri. Leo weye hauna mudomo. Mudomo njo minye. Weye unaikala pa kiti, unatabasamu, bon, basi." Nikaitikia, na niliitikia kwa moyo, sikuwa na nia mbaya hata chembe.

Niwaeleze kidogo, kwa asiyejua desturi. Mkiisha kusalimiana na kuomba, upande wa binti hawamtoi binti hivi hivi tu. Wanaleta mwanamke amefunikwa kitenge toka utosini mpaka vifundoni, wanamsimamisha mbele yenu, wanauliza, "Ni huyu?" Shibukombe anasema si huyu, anatoa hela kidogo ya asante, wanawake wanaimba, anarudishwa ndani. Wanaleta wa pili, vilevile si yeye. Wa tatu ndiye. Kila mtu anajua ni wa tatu, watoto wanajua, mbuzi waliofungwa nje wanajua. Ni mchezo tu, lakini ni mchezo unaochezwa kwa uso mkavu, kwa sababu neno linalosemwa pale linasemwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, na neno la namna hiyo halirambwi kama mate.

Basi tumeketi, nyumba ya matofali ya wafanyakazi wa zamani, viti vimeazimwa mtaa mzima, feni inazunguka kwa kujivuta. Baba yake Arlette, Papa Kalenga, shemasi wa kanisa lao, mtu mpole mwenye miwani mizito, ameketi mbele yangu. Wanawake wakaingia wakiimba, wakiongozwa na Tantine Béa, shangazi yake Arlette, na katikati yao amefunikwa mtu, kitenge cha manjano chenye ndege wakubwa wa bluu. Jua likaingia dirishani likaangukia kile kitenge. Yule aliye ndani alikuwa anapumua, na kila akipumua wale ndege wanainua mabawa kidogo, wanashusha, wanainua, wanashusha, na nyimbo zikaanza kunijia kutoka mbali kama ninaota. Wiki nzima nilikuwa natafuta mfano wa kuwapa wanafunzi wangu kuhusu Mjerumani wa kwanza, nimekesha, sikuupata, na sasa mfano umesimama mbele yangu na unapumua. Kichwa kikalala begani.

"Bakwe zetu," akauliza Tantine Béa, "njo uyu?"

Tonton akafungua mdomo. Nami (hapa ndipo jahazi langu lilipotobolewa, na aliyetoboa ni mimi mwenyewe) nikanyoosha kidole juu kama mwanafunzi, nikasema, "Pardon, Tonton. Niko na neno moja tu."

Neno moja tu! Tonton alinikanyaga mguu, lakini nilikuwa nimekwisha kusimama. Nikasema kwamba kuna Mjerumani mmoja wa zamani (majina yao siyataji, Tonton amesema yakitajwa tena popote alipo ataondoka) aliyefundisha kwamba sisi watu hatuvioni vitu vyenyewe. Tunaviona vikiwa vimekwisha kufunikwa, na kitenge chenyewe ni akili yetu: hapa na pale, jana na leo, hiki kimesababisha kile, hayo yote hayako nje yakitungoja, tunayaleta sisi kama mtu aliyezaliwa na miwani asiyoweza kuivua. Kitu chenyewe kiko, lakini kiko nyuma ya kitenge. Kwa hiyo mkiniuliza kama ni yeye, naweza kujibu anavyoonekana kwangu tu.

Nilipaswa kuketi hapo, watu wangecheka na kupiga makofi, ningekuwa shujaa mpaka leo. Lakini Papa Kalenga, maskini, alisogeza kiti mbele kwa hamu. "Attendez, mumuache aseme," akasema. "Donc weye na binti yangu, hautamujua hata siku moja?"

Swali zuri kama lile wanafunzi wangu hawajaniuliza miaka yote! Ningeliachaje? Nikamwambia, Papa, ndiyo maana akaja wa pili, akasema mzee wetu ameogopa bure, hakuna kitu kilichojificha nyuma, kila kitu kinaanza na "mimi" inayojiweka yenyewe, inasema "mimi niko", halafu inakutana na kisicho mimi, inagonga pale kama mtu anavyogonga ukuta gizani, na kwa kugonga ndipo inapojua ukubwa wake. Tantine Béa akauliza kama huyo wa pili alikuwa amekunywa. Nikasema hapana, na ndipo akaja wa tatu, nikawapa ziwa la Tshangalele lote na miti yake, jiwe linalolala na mti unaojigeuza, na sauti yangu mwenyewe ikaanza kunipendeza, nikawa naiona nyumba nzima inaelea, wamama, viti, chupa za soda, vyote vikielea taratibu kwenye mwanga wa manjano.

Umeme ukakatika. Feni ikasimama. Mimi sikusimama.

Nikaingia kwa wa nne, ambaye ndiye mpenzi wangu. Huyu alisema ukweli haukai mahali pamoja, unatembea: neno linasemwa, linakutana na kinyume chake, wanagombana, na katika ugomvi kinazaliwa kitu kikubwa kuliko wote wawili, nacho kinatafuta kinyume chake, hivyo hivyo, mpaka mwisho ndipo unapogeuka nyuma na kuelewa safari. Na jambo lake kuu, nikasema nikiwa nimefumba macho, ni kwamba hakuna mtu anayejijua peke yake. Ninakuwa mimi kwa sababu kuna mwingine amenitazama akanitambua. Nilisema hayo kwa uchungu na utamu, mkono kifuani. Nilikuwa bado nimefumba macho niliposikia nguo inarushwa hewani.

Aliyekuwa chini ya kitenge alikuwa jirani yao, Mama Kapinga, mama mtu mzima wa umri wa bibi yangu, amelowa jasho mpaka kwenye kope. Amekivua kitenge, amekitupa chini. "Njo nini iyi?" akapiga kelele. "Minye niko nakufa na joto umu ndani, na uyu mutoto iko anauliza kama niko!"

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Papa Kalenga alivua miwani akafuta machozi, hata Tonton akacheka akigonga goti. Nikaketi nikiwa nimevimba kichwa, nikidhani nimewashinda wote.

Sasa, lililotokea chumbani nililijua baadaye. Tantine Béa aliwaambia wenzake kwamba mkwe wao ana maneno mengi, bukari, ugali wetu, inapoa, watoto wana njaa, na wakimleta wa pili wa bure atawafundisha tena Ujerumani mpaka giza. Basi mumutoe Arlette mwenyewe sasa hivi, tumalize. Hakuna aliyekuja kutuambia. Nani angedhani kwamba tutahitaji kuambiwa?

Akatoka wa pili, kitenge kilekile cha ndege. Akasimama mbele yangu, karibu kuliko yule wa kwanza. Nikatazama chini, nikaona miguu. Na juu ya mguu wa kushoto, karibu na kidole kikubwa, palikuwa na kovu dogo la kuungua, la kaa lililodondoka kutoka kwenye pasi ya makaa. Mimi kovu lile nalijua. Nimelishika kwa mkono wangu kule ziwani, nimeuliza liliuma namna gani. Moyo wangu uliruka ukasema ndiye, ukasema wazi kabisa, na yeye ndani ya kitenge akachezesha kile kidole mara moja, kunisalimu.

Lakini akili yangu ilikuwa na hesabu yake. Wa pili si yeye, wa pili hajawahi kuwa yeye tangu mababu, kwa hiyo hili kovu ni mtego, wamelichora wajanja hawa, wanataka kumwona Prof akianguka. Moyo ukasema tena, nikaunyamazisha. Nikasimama (nani aliniambia nisimame?), nikatabasamu kwa upande mmoja, nikasema kwa sauti ifike mpaka nje kwa wapishi:

"Haiko ye. Hata kidogo."

Tonton akatikisa kichwa kukubali, maana naye alikuwa anahesabu. Kisha nikaona wimbo umekatika. Kitenge hakikutikisika, wale ndege waliacha kupumua. Ile miguu ikangoja kidogo, kana kwamba nitasema kitu kingine, halafu ikageuka, ikaondoka taratibu, na mlango wa chumba ukafungwa kwa upole. Afadhali ungebamizwa.

"Weye, Prof," Tantine Béa akasema, na hakupaza sauti, "unajua umekana nani?"

Nilijua. Nilijua kabla hajamaliza kusema. Nilitaka kuomba msamaha, nikajikuta napapasa chaki mfukoni, mimi niliyetoka kuwaeleza ulimwengu wote. Papa Kalenga alisimama, akavua tena miwani, lakini safari hii hakufuta kitu. "Mukwe," akasema, "minye nilisikiliza vitu yako yote. Nilipenda, kweli. Mais binti yangu amesimama pa mbele yako na haukumuona. Umesema haiko ye, batu bote basikia. Sasa minye nikupe nani?"

Tonton akapiga magoti. Alisema ni joto, ni kusoma sana, ni hesabu tu, sote tulihesabu. Wazee wa upande wao wakanong'onezana, na nikaona mjomba wa Arlette anasukuma vifurushi vyetu vya mahari kwa mguu kuelekea mlangoni, polepole, kama mtu anayefagia. Papa Kalenga akasema hatatukatalia yeye wala hatatukubali yeye. Aliyekanwa ndiye atakayesema. Tantine Béa akaingia chumbani.

Tuliketi. Sijui ilikuwa muda gani. Nilisikia nzi, nilisikia mafuta yanachemka uani, nilisikia treni ya kiwandani inapita mbali, na nikawaza kuhusu ile miguu iliyongoja. Mjerumani wangu wa nne nilikuwa nimemfundisha miaka yote hiyo kama wimbo wa lugha usiyoijua. Kumbe ndiyo hivi: kuna mtu anasimama gizani amefunikwa, anachezesha kidole kimoja, na maisha yake yote kwa dakika ile yamo mikononi mwa yule anayetazama. Niliona haya mpaka nikatamani kulia, na nadhani nililia kidogo.

Tantine Béa akatoka na kitenge mkononi. "Anasema hivi," akatangaza. "Bamufunike na ye."

Wazee walitazamana, haijawahi kutokea. Halafu Papa Kalenga akaangua kicheko kifupi, akasema basi ifanyike. Wakatuweka watu watatu tumesimama ukutani: Tonton, mdogo wangu Fidèle, na mimi, kila mmoja na kitenge chake, na mimi nikapewa kile cha ndege. Tukaambiwa tusiseme neno. Tonton alisema neno lake la mwisho kabla ya kufunikwa, nalo siliandiki.

Chini ya kitenge kuna dunia nyingine, nawaambia. Mwanga unakuja wa manjano mzito kama asali, sauti zote zinakuwa za mbali, na nguo ilikuwa bado na harufu ya Arlette, sabuni na makaa ya pasi. Nilimsikia anakuja. Kwa Tonton akasema, "Haiko ye. Uyu iko anapumua na kisirani." Watu wakacheka. Kwa Fidèle akasema, "Haiko ye, uyu anajipaka manukato mingi." Wakacheka tena. Kisha ile miguu ikaja ikasimama mbele yangu, nikaliona kovu, kwa chini, kwenye ukanda mdogo wa sakafu ulionibakia. Nilitaka kuchezesha kidole cha mguu, lakini nilivaa viatu, viatu vipya vya kubana, vilivyong'arishwa. Sikuwa na kitu chochote cha kumwonyesha. Nikaogopa kama sijawahi kuogopa, kwa sababu kama angesema si mimi, angekuwa amesema haki.

"Uyu," akasema. "Uyu nilizani namujua."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mama mmoja anavuta pumzi.

"Mais muangalie kichwa," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Imelala pa bega. Hata mu giza iko anasikiliza batu benye habako hapa." Akangoja kidogo, makusudi, najua ilikuwa makusudi. "Njo ye."

Vigelegele vikapanda mpaka batini. Nikangoja anifunue, lakini hakunifunua. Alisogea, akasema chini chini, kwa ajili yangu peke yangu: "Jifunue weye mwenyewe. Na uangalie."

Nikajifunua. Nikaangalia. Alikuwa amelia, wanja umeshuka shavuni, na alikuwa anajizuia kucheka, yote mawili kwa pamoja, na nikamwangalia bila kuwaza kitu chochote, labda kwa mara ya kwanza maishani. Bukari tuliila imepoa. Mama Kapinga aliletewa soda nyingi kuliko mtu yeyote, naye alinielekeza kidole akisema, "Niko, Prof, niko!" na anaendelea kunisalimu hivyo mpaka leo tukikutana sokoni.

Wajerumani wangu bado nawafundisha, serikali inataka, na nawapenda, siwezi kudanganya. Ila niliapa jambo moja: mtu akisimama mbele yangu namtazama yeye kwanza, hesabu baadaye, na moyo ukisema ndiye sitauambia tena unyamaze. Nakishika kiapo hicho kadiri ninavyoweza. Siku ninazoshindwa, jioni nimekaa na kichwa kimelala begani, chakula kinapoa, watu wananiita siitiki, Arlette anachukua kile kitenge cha ndege ananifunika nacho palepale kitini, halafu anamuuliza binti yetu, "Njo ye?"

"Haiko ye!" mtoto anapiga kelele kwa furaha. "Hata kidogo!"

Nami natulia humo ndani, kwenye ule mwanga wa manjano, nangoja mama yake aseme.